‘Kwetu Uru hakuna ngazi’: Mama aliyekataa kupongezwa kwa magoti mabovu

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, Digna Tesha anafika pale njia inapoinama ghafla kuelekea barabarani. Anasimama. Anauweka sawa mkungu wa ndizi mshare kichwani, anaikaza mkononi fimbo yake ya mti wa kahawa, kisha anageuka na kuipa njia mgongo.

Halafu anaanza kushuka kinyumenyume.

Mguu wa kulia unatangulia, unapapasa udongo uliolowa umande, unalipata jiwe unalolifahamu. Wa kushoto unafuata. Uso wake umeelekea juu alikotoka, kwenye migomba, na wanafunzi wanaokuja nyuma yake kwenda shule wanajikuta wanatazamana naye ana kwa ana.

“Shikamoo bibi!”

“Marahaba. Piteni pembeni, gari linarudi rivasi.”

Watoto wanaangua kicheko. Bibi mwenyewe anacheka pia, meno yakiwa yameumana.

Mteremko huu wa Uru, juu ya mji wa Moshi, wenyeji wanauita Kwa Aikaeli, kwa sababu unapita kando ya kihamba, yaani shamba la nyumbani, cha mzee wa jina hilo. Una hatua themanini na nne. Digna anazihesabu kwa mwaka wa saba sasa, tangu magoti yalipoanza kumgomea.

“Kupanda si kitu,” anasema akifika chini, akipangusa jasho kwa ncha ya kitenge. “Hata na mzigo napanda. Kushuka ndiko kunakonitafuta. Nikishuka mbele, goti linaniambia leo tunalala hapa. Nikishuka nyuma, linakubali. Basi nashuka nyuma. Watu wacheke, ndizi zifike.”

Ana miaka sitini na mitatu. Mumewe alifariki miaka kumi na miwili iliyopita akamwachia kihamba kisichotimia ekari, migomba iliyochanganyika na mibuni, na zizi la ng’ombe mmoja nyuma ya nyumba. Mara mbili kwa wiki hushusha ndizi hadi barabarani, ambako Hilda, mfanyabiashara wa soko la Kiboriloni, huzipakia kwenye pikapu yake. Mkungu mzuri humpa shilingi elfu kumi na mbili, msimu ukibana elfu kumi na tano. Akitoka hapo huingia shamba lake la chini, kipande cha matete kando ya barabara, anafunga mzigo wa majani na kupanda nao mlima kumlisha ng’ombe.

Mzigo huo una uzito wa kilo ishirini na nane. Tunajua hivyo kwa sababu ulipimwa kwenye mizani ya ofisi moja ya utafiti mjini Moshi, mbele ya mlinzi aliyekasirika. Tutafika huko.

Kwanza kuna habari ya Ambrosi.

Ambrosi ni mtoto wake wa kwanza, fundi umeme jijini Dar es Salaam. Krismasi ya mwaka juzi alikuja nyumbani kama Wachagga wote wanavyorudi, akamwona mama yake akishuka Kwa Aikaeli kinyumenyume na mkungu kichwani, na watoto wa jirani wakimwongoza kwa kelele. Hakucheka. Jioni ile alisema ng’ombe auzwe, kihamba apewe mtu wa kukitunza, na mama ahamie Dar.

“Alisema kwa upendo, simlaumu,” anasema Digna. “Lakini mtu akikupenda hadi akung’oe, huo ni upendo gani? Nikamwambia, nipe Krismasi mbili. Zikipita na magoti bado yananidai, nitafunga mizigo mwenyewe.”

Krismasi ya kwanza imeshapita. Ya pili iko mbele, miezi miwili tu kutoka sasa.

Ugonjwa wenyewe wataalamu wanauita kusagika kwa magoti. Gegedu, ule mto laini unaokaa kati ya mifupa, huisha kidogo kidogo hadi mifupa inaanza kusuguana. Digna ana maelezo mafupi zaidi: “Nikigeuka kitandani, goti linalia kama mlango wa zizi.”

Amehangaika nao. Amepaka samli ya moto na kitunguu saumu. Amechomwa sindano mbili ambazo mpaka leo hajui zilikuwa za nini. Amemeza vidonge vya duka la dawa hadi tumbo likagoma. Ameambiwa ni baridi ya mlima, ameambiwa ni uzito, ameambiwa ni uzee.

“Hilo la uzee ndilo lililoniudhi. Aikaeli ana miaka themanini na mbili, na kila msimu anakuja kuazima ngazi yangu apande mparachichi. Yeye uzee umemsahau?”

Agosti mwaka jana tangazo lilisomwa kanisani baada ya misa. Wanatafutwa watu mia moja na arobaini na wanane, wa miaka hamsini na kuendelea, wenye maumivu ya magoti, kwa ajili ya utafiti wa miezi tisa. Watafiti walitaka kujua jambo moja: je, mazoezi ambayo mgonjwa anafundishwa kisha anayafanya mwenyewe nyumbani yanasaidia sawa na yale ya kliniki, mara mbili kwa wiki, mbele ya mtaalamu?

Kwa mkazi wa mjini hilo ni swali la kitabuni. Kwa mtu wa Uru si la kitabuni hata kidogo. Ukiambiwa uende kliniki mara mbili kwa wiki kutibiwa goti linalouma ukishuka mlima, maana yake ushuke mlima mara mbili kwa wiki.

Digna alijiandikisha Jumatatu iliyofuata. “Mtaka cha mvunguni sharti ainame,” anasema, “na mimi kuinama ndiko kulikonishinda. Kwa hiyo nilienda nimesimama.”

Walimpiga picha ya eksrei. Magoti yote mawili yalionekana yamesagika, la kulia zaidi. Alifurahi, jambo la ajabu kidogo, lakini mtu aliyeambiwa miaka sita kwamba ni uzee atafurahi akionyeshwa ugonjwa wake kwenye karatasi. Kilichobaki kilikuwa dodoso. Ili uingie, ilitakiwa ufikishe alama thelathini za shida. Msichana mmoja mpole alikaa mbele yake na kishikwambi na kuanza kuuliza.

“Mama, unapata shida kiasi gani unaposhuka ngazi?”

“Ngazi? Ngazi sina shida nayo.”

“Na kupanda ngazi?”

“Hiyo nayo sina shida nayo kabisa.”

Katika Uru ya Digna, ngazi ni ile ya miti miwili na vijiti, inayolala nyuma ya zizi na kuamka Aikaeli akija kuiazima. Mama wa miaka sitini na mitatu hana shughuli nayo. Nyumba yake haina ghorofa. Kanisa lina kizingiti kimoja tu. Msichana akaandika sifuri, akaandika na sifuri ya pili.

Akaulizwa kuhusu kuvaa soksi. “Nilivaa mara ya mwisho siku ya kipaimara, hazikunisumbua.” Sifuri. Kuingia na kutoka kwenye gari lake. “Nimelinunua lini?” Sifuri. Kuingia kwenye sinki kubwa la kuogea ambalo mtu analala ndani. “Mimi naoga kwa ndoo, mwanangu.” Sifuri.

Jumla ilikuja kumi na tisa. Msichana akatabasamu kwa moyo mweupe kabisa: “Hongera mama. Hali yako si mbaya.” Akampa karatasi ya ushauri na nauli ya kurudi.

“Niliposikia hongera niligeuka nione nani anapongezwa,” anasema Digna.

Wengi wetu hapo tungeikunja ile karatasi na kurudi nyumbani. Mtu mwenye koti jeupe akikwambia huumwi sana, unaanza kulishuku goti lako mwenyewe. Ukifika nyumbani unachechemea kwa aibu, kana kwamba unadanganya.

Jirani yake, Zita, alimpa ushauri wa kwao. Kwenye mipaka ya vihamba vya Uchagani hupandwa mmea wa majani marefu uitwao isale. Ukimkosea mtu, unachuma isale na kumpelekea. Akishalipokea, hana budi kusamehe, hata kama kosa lilikuwa la kumwaga damu. Zita akamwambia: “Wapelekee isale, mae. Sema ulijibu vibaya, wakuulize upya.”

Jibu la Digna bado linasimuliwa kijijini.

“Isale hupeleka aliyekosa. Mimi nimekosa nini? Nimeulizwa ngazi, nimejibu ngazi. Swali ndilo lililokosa. Lenyewe ndilo liniletee mimi isale!”

Asubuhi iliyofuata alikata matete, akafunga mzigo wake wa kila siku, akamwomba Hilda ampakie yeye na majani yake hadi mjini. Kwenye geti la ile ofisi aliuweka mzigo kichwani akaingia nao.

“Mama, hapa si sokoni,” mlinzi akamzuia.

“Najua. Sokoni wanapima kwanza ndipo wanasema hongera.”

Kelele zilimtoa nje Vedastus Magesa, mtaalamu wa mazoezi tiba na mmoja wa wasimamizi wa utafiti, kijana wa miaka thelathini na minne mzaliwa wa Sengerema. Anakiri kwamba siku ile hakumwelewa.

“Nilimweleza kwamba hatuwezi kumruhusu mtu ajibu upya kwa sababu hakupenda matokeo. Kila mtu akifanya hivyo, huo si utafiti tena. Nilikuwa sahihi, na hadi leo niko sahihi,” anasema Vedastus. “Ila yeye hakuomba kujibu upya. Aliniambia, ‘Mimi sitaki mnihurumie, nataka muulize vizuri. Niulize: unapata shida kiasi gani ukishuka Kwa Aikaeli na mkungu kichwani?’ Sikuwa na swali hilo.”

Ili yaishe, akaupima ule mzigo kwenye mizani. Kilo ishirini na nane.

“Nilitaka tu aondoke, nisiseme uongo,” anasema. “Akaondoka. Zile kilo ndizo hazikuondoka. Zilinikaa kichwani.”

Siku ya nne alipanda Uru peke yake, bila kutoa taarifa. Mvua ilikuwa imenyesha. Alipofika Kwa Aikaeli, viatu vyake vya mjini vikateleza, akaporomoka hatua kadhaa, akadaka mmea wa mpakani uliomkatikia mkononi. Akainuka na matope hadi kiunoni. Lile tawi hakulitupa, alilitumia kukwangua viatu njia nzima.

Digna na Zita walikuwa uani wakimenya ndizi. Wakamwona mgeni anaingia, ameloa, amechafuka, amenyenyekea kwa sababu ya matope, na mkononi ameshika isale.

Zita aliangusha kisu. “Yesu na Maria! Ameleta kweli.”

“Shikamoo mama,” akasema Vedastus.

Digna anasimulia sehemu hii akitikisa kichwa. “Nilikuwa nimepanga maneno makali ya kumwambia yeyote atakayekuja kutoka kule. Siku tatu nayapanga, mengine ya Kichagga kabisa ili yaume. Sasa mtu anaingia na isale, utamwambia nini? Niliyameza yote. Nikasimama, nikalipokea kwa mikono miwili.”

“Mimi nilidhani ananisaidia kutupa takataka,” anasema Vedastus. “Nikamwambia asante. Yule mama mwingine akaanza kulia.”

Alielezwa maana yake baadaye, akiwa ameshika bakuli la mtori. Anasema alitaka kusema ukweli kwamba aliteleza tu. Akamtazama Digna, akaona afadhali anyamaze anywe mtori wake. Siku nyingine alipomweleza, Digna alimjibu kwamba isale halimuulizi mtu amelipataje.

Lakini msamaha ulikuja na kazi. Kabla hajaondoka, Digna alimtwisha mkungu mdogo na kumwambia ashuke nao Kwa Aikaeli.

“Nina magoti mazima,” anasema Vedastus. “Nilipofika chini mapaja yalikuwa yanatetemeka. Nikageuka, nikamwona anakuja kinyumenyume, hatua kwa hatua, na yeye kabeba mkungu mkubwa kuliko wangu. Dodoso lililosema hana shida lilikuwa kwenye mkoba wangu. Niliona aibu, na sisemi hivyo kwa kupamba.”

Aliandika barua kwa viongozi wa utafiti na kwa kamati ya maadili. Maswali yale yalitungwa nchi za mbali, kwa watu wenye ngazi za ghorofa, magari na masinki, kisha yakatafsiriwa kwa Kiswahili safi kisicho na kosa lolote la sarufi. Kila neno lilikuwa sawa, ila maisha yaliyokuwa yanaulizwa hayakuwa ya hapa.

Ilichukua miezi miwili ya vikao. Watu thelathini wa Uru na Marangu, wengi wao wanawake, waliulizwa ni kazi gani hasa zinazowaumiza. Ndipo yakaingia maswali mapya: kushuka mteremko ukiwa na mzigo, kuchuchumaa chooni, kukaa kwenye kigoda kukamua na kuinuka, kupiga magoti kanisani. Na kwa kuwa kanuni ni kanuni, si Digna peke yake aliyeitwa. Waliitwa wote arobaini na mmoja waliokuwa wamepongezwa na kurudishwa nyumbani. Ishirini na sita kati yao waliingia.

Digna alipata alama arobaini na saba.

“Safari hii hakuna aliyeniambia hongera,” anasema. “Nikajipongeza mwenyewe.”

Siku hiyohiyo Vedastus alimfafanulia ngazi walizokuwa wanaziuliza mwanzo: za saruji, za kupanda ghorofani. Digna akaomba simu.

“Ambrosi, mwanangu. Hapo unapokaa kuna ngazi?”

“Zipo, mama. Niko ghorofa ya nne.”

“Zina hatua ngapi?”

Ambrosi hakujua, akaenda kuzihesabu. Akarudi hewani akihema. “Hamsini na sita.”

“Kwa hiyo unanitoa Kwa Aikaeli ili nikapumzike kwenye hizo?”

Hapo salio likaisha.

Machi mwaka huu alichukua bahasha, kwa kuwa kundi la mshiriki huamuliwa kwa kura. Ikatoka: nyumbani. Mungu si Athumani. Tangu hapo, kila siku baada ya kukamua, Digna hukaa kwenye kigoda na kuinuka mara kumi bila kushika kitu, mizunguko mitatu. Hufunga mfuko wa maharage kifundoni kwa khanga na kuunyoosha mguu. Hupanda na kushuka kizingiti cha mlango, taratibu, akihesabu kwa sauti.

“Siku za kwanza ng’ombe aliacha kula akanitazama. Sasa amezoea. Nikichelewa ananiita.”

Karatasi zake za wiki ziko ukutani karibu na rozari. Katika miezi saba ameruka siku sita: nne za msiba wa shemeji yake, na mbili alizogoma tu kwa hasira baada ya Ambrosi kupiga simu kusema amepata mnunuzi wa ng’ombe na atakuja naye Krismasi.

Vedastus hataki kumpa mtu matumaini ya bure. “Gegedu lililokwisha halirudishwi na mazoezi. Tunachotaka ni misuli ya paja ibebe sehemu ya kazi. Kama kundi la nyumbani litafanya sawa na la kliniki, sijui. Vipimo vya mwisho ni Desemba, na hata ningejua leo nisingekwambia.”

Digna hahitaji kuambiwa, ana kipimo chake. Machi alikuwa anashuka hatua ishirini za Kwa Aikaeli akiangalia mbele, kisha anageuka. Juni zilikuwa arobaini. Asubuhi ya leo, kabla ya kuipa njia mgongo mbele yetu, alikuwa ameshashuka sitini na moja kama watu wengine. Zimebaki ishirini na tatu, zile za mwisho, zenye mawe.

“Hizo ndizo nazitaka,” anasema. “Na ninataka kundi la nyumbani lishinde. Si kwa ajili yangu tu. Kuna mwanamke huko Marangu hana hata wa kumpandisha kwenye pikapu.”

Mpango wake wa Krismasi ameshaupanga, na hautegemei ruhusa ya mtu. Ambrosi akifika, hataingia kwanza ndani kula. Atatwishwa mkungu, ashuke Kwa Aikaeli na mama yake nyuma, na mnunuzi akitaka aje pia, ndizi zipo za kutosha. Wakifika barabarani na mkungu haujaanguka, ndipo mazungumzo ya ng’ombe yataanza.

Tukisharudi naye juu kuchukua mkungu wa pili, kwenye kona ya zizi anatuonyesha mmea mchanga wenye majani marefu ya kijani. Ni lile isale la Vedastus. Alilichomeka ardhini jioni ileile na limeshika.

“Limwagilie, nilimwambia Zita, litatufaa. Ambrosi atakuja kulichuma mwenyewe.”

Pikapu ya Hilda inapiga honi chini. Digna anaufunga mkungu wa pili, anaupandisha kichwani kwa pigo moja, anaokota fimbo. Tunamuuliza lile swali ambalo tumelikwepa tangu alfajiri: na Desemba ikifika, na zile ishirini na tatu bado ziko palepale?

Anatutazama kama tumemuuliza habari za soksi.

“Basi nitashuka kinyumenyume,” anasema. “Ila nitashuka.”